Mkate Juu ya Glasi

Leipzig, 9 Oktoba 2023

Dada Nelia,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa paka kama bado yupo. Mimi sijambo. Hofu ni kwenu, na safari hii siandiki hivyo kwa desturi ya barua. King'ora kikilia Kharkiv simu yangu nayo hulia huku, nami hukaa jikoni nikisubiri kinyamaze.

Nimeshika kalamu kwa sababu umenifungia namba. Tangu Agosti nikipiga naambiwa hupatikani, na ujumbe hauendi. Basi barua hii anakuletea Bohdan, dereva wa gari letu la misaada, yule mnene mwenye meno ya dhahabu. Mpe chai hata kama mimi hunipi. Ana sanduku la bendeji na mifuko miwili ya kahawa. Ule wa kijani ni wa Mama, si kali.

Najua kilichokuudhi. Tulikuwa tunaongea vizuri tu, ukamsikia mwanafunzi nyuma yangu akiita "Zoya Fyodorovna, tumemaliza," kwa Kirusi. Ukaniuliza kama bado nafundisha lugha ile. Nikasema ndiyo. Ukakata simu. Hukuuliza nawafundisha kina nani wala kwa nini. Tumeishi dada wawili miaka yote hii, na umenihukumu kwa sentensi moja ya Mjerumani.

Nazar anaendeleaje huko jeshini? Naye amenikalia kimya, nadhani kwa amri yako. Mwambie mama yake mdogo ana hamu ya kusikia sauti yake, hata kama ni ya kunisema.

Mdogo wako,
Zoya


Kharkiv, 2 Novemba 2023

Zoya,

Salamu zimefika. Mama yuko kama umri wake unavyomruhusu. Masikio yamekwisha, hasikii king'ora, kwa hiyo nyumba nzima ndiye pekee anayelala usingizi. Mchana droni zikipita anatoka roshani na kuzitukana kwa Kirusi. Nampigia kelele sikioni, Mama, basi tukana kwa Kiukraine. Ananijibu kwamba Kiukraine alikisahau mjini na matusi yake hayamtoshi. Paka yupo, amenenepa, anakula panya wa chini ya jengo.

Nazar yuko kazini.

Kahawa nimempa Klavdia wa ghorofa ya chini. Bendeji nimezipeleka zinakotakiwa, maana bendeji hazina kosa. Bohdan amekunywa chai, akala na supu ya borshi sahani mbili, akasifu.

Barua yako umeiandika kwa Kirusi. Nimeisoma kwa sababu umeme ulikatika na sikuwa na la kufanya. Mimi nakujibu kwa Kiukraine, na kama umekisahau, tafuta mtu akusomee.

Nilifundisha Kirusi miaka thelathini hapa mtaani Saltivka, hilo unalijua. Darasa langu lilikuwa ghorofa ya pili, upande wa mashariki. Upande wa mashariki sasa haupo. Lile kombora lilipopiga shule, nilirudi nyumbani nikatoa vitabu vyangu vyote vya Kirusi rafuni, nikavipakia kwenye kigari alichosukumiwa Nazar alipokuwa mchanga, nikavipeleka kwa wale wanaouza karatasi chakavu na kulinunulia jeshi matairi. Kijana wa mizani alivipima bila hata kusoma majina. Nilirudi na kigari kitupu. Nikasimama mbele ya ile shule nikaapa kwamba mkono wangu hautaandika tena neno moja la lugha hiyo. Siku hizi nafundisha watoto Kiukraine ndani ya kituo cha metro. Nakosea, wananisahihisha, nawashukuru.

Nawe huko kwenye joto unawafundisha Wajerumani kusema "tafadhali" kwa lugha ya wanaotuua. Ikifika Jumapili unachangisha fedha za kutuokoa. Mkono mmoja unafunga kidonda, wa pili unakikuna. Hivi huoni haya?

Acha kufundisha, nami nafungua simu. Sina sharti lingine.

Nelia


Leipzig, 28 Novemba 2023

Dada,

Salamu kwa Mama. Mwambie namtafutia matusi ya Kiukraine, nitayatuma na bendeji. Huku baridi imeanza, kifua kinanisumbua kidogo, si neno.

Sasa tuongee. Unataka kujua wanaokaa kwenye madawati yangu? Wengi ni wauguzi. Yupo Heike, mwanamke mkubwa mwenye mikono kama ya mwokaji, anakuja darasani na sare yake ya hospitali. Alianza kwa sababu ya mzee mmoja wa Mariupol aliyeletwa wodini kwake, Arkadi jina lake. Mzee alikuwa anapiga kelele usiku na mchana, wao wakadhani akili imemruka, wakawa wanamdunga dawa ya usingizi. Kumbe alikuwa anaomba wafunge dirisha, kwa sababu ndege za uwanja wa Leipzig zinapita juu. Hilo tu. Wiki nzima, Nelia, hakuna aliyeelewa. Arkadi hajui lugha nyingine zaidi ya hiyo unayoitemea mate. Je, nimwambie achague lugha kwanza ndipo afungiwe dirisha?

Na usiniambie ni lugha yao. Mimi sikuletewa na mtu wa Moscow. Uliniletea wewe, nikiwa na surua, ukikaa pembeni ya kitanda ukinisomea mpaka koo likakukauka. Tukiwaachia lugha nzima, kesho watasema na sisi tulioizungumza ni mali yao. Ndicho wanachosema hata sasa.

Hebu niambie ukweli, ukijikwaa kidole kwenye mguu wa meza, unalia kwa lugha gani?

Siachi. Utaifungua simu ukipenda, usipopenda basi.

Jambo moja. Umemwandikia paka sentensi nzima, mwanao umempa maneno matatu. Nakujua. Kuna nini?

Zoya


Leipzig, 8 Januari 2024

Nelia,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama, kama heri inafika huko. Hukujibu, nami sasa najua kwa nini.

Klavdia amenipigia. Anakunywa kahawa yangu, dhamiri imemsumbua. Ameniambia Nazar hajulikani alipo tangu Septemba. Kwamba mkubwa wake alikuja hadi mlangoni kwako na begi lake, na begi umelisukuma uvunguni bila kulifungua. Oktoba nilikuuliza anaendeleaje, begi lilikuwa tayari uvunguni. Ukaniandikia "yuko kazini". Nimeisoma ile barua tena na tena.

Mimi sina mtoto, unalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Yule ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ulikuwa na haki gani ya kunificha?

Kabla ya Krismasi darasa langu lilifanya jioni ya kuchangia gari la wagonjwa. Wauguzi walioka keki, Heike aliimba vibaya sana, watu walitoa. Sikuwa najua lolote. Niliweka mezani picha za vijana wetu, na ya Nazar nikaiweka mbele, ile ya shati la kutarizi. Niliwaambia wote, huyu ni mwanangu kwa dada yangu. Gari limepatikana, litakuja na Bohdan.

Niandikie. Nitukane, lakini niandikie.

Zoya


Kharkiv, 30 Januari 2024

Zoya,

Mama yu hai, mimi ni hai, paka yu hai. Salamu zimekwisha.

Klavdia wako huyo huyo amepanda juu na simu yake mkononi, anapumua kama amepandishwa mlima. Ananionyesha ukurasa wa shule yenu. Naona meza, naona keki, naona Wajerumani wanacheka. Mbele kabisa namwona mwanangu na shati lake la kutarizi. Mbele yake kuna glasi ya vodka, na juu ya glasi kipande cha mkate mweusi.

Wanafunzi wako wangesema hawakujua, ningewasamehe. Wewe si Mjerumani. Wewe ulisimama pamoja nami maiti ya Baba ilipokuwa imelazwa mezani. Ule mkate wa juu ya glasi yake ulikatwa na mkono wako, mimi nikimimina. Unajua glasi ya namna hiyo anawekewa nani. Hata mtoto wa shule ya chekechea hapa anajua.

Mwanangu hajulikani alipo. Hajafa! Waliniambia nipeleke mswaki wake kwa ajili ya vipimo, wapate cha kulinganisha na miili. Sikupeleka. Uko bafuni kwenye kikombe chake, atauhitaji. Tangu Septemba sijawasha mshumaa hata mmoja. Kanisani nawapita wanaouza mishumaa nimeangalia chini. Mbele ya Mama sijatoa chozi, kwa sababu Mama hajui, na akijua atakufa. Kazi yote hiyo nimeifanya peke yangu kila siku. Wewe umeivunja kwa jioni moja, umemzika mwanangu mbele ya watu wenye krimu midomoni.

Ulitaka kujua kwa nini nilikuficha. Sababu ndiyo hii. Nilijua utamfanyia matanga na kumlilia kwa Kirusi.

Usiniandikie tena. Gari la wagonjwa litapokelewa na hospitali, mimi silitaki kuliona.

Nelia


Leipzig, 17 Februari 2024

Nelia,

Salamu kwa Mama.

Nimemeza yote uliyoandika. Glasi sikuiweka mimi. Aliyeiweka simtaji, ana msiba wake unaomtosha, sitaki umtupie na wewe wako. Nilichofanya baada ya kuiona ni changu, na sijielezi kwa mtu aliyenificha mtoto miezi yote hiyo kisha akaniita mchimba kaburi.

Bado nafundisha, Jumanne na Alhamisi. Nimeongeza darasa.

Zoya


Kharkiv, 21 Mei 2024

Zoya,

Salamu kutoka kwa Mama, anauliza kama umepata mume. Mabomu wanayoangusha sasa yanatikisa hadi vijiko kabatini. Watu wa mji wa Vovchansk, mpakani, wanashushwa hapa na mabasi, wana mbuzi, wana kuku kwenye vikapu, na bibi mmoja ameketi kwenye ngazi zetu akikumbatia cherehani. Darasa letu la metro limejaa.

Barua yako ya Februari nilimrudishia Bohdan. Hakuichukua. Aliiacha juu ya friji, ikakaa huko haijafunguliwa mpaka wiki iliyopita. Nitakuambia kwa nini nimeifungua.

Kumekuwa na kubadilishana mateka. Miongoni mwa waliorudi kuna kijana anaitwa Levko. Alinitafuta mwenyewe, anatembea akishika ukuta. Zoya, amelala chumba kimoja cha gereza na Nazar hadi mwezi wa tatu. Mwanangu amekonda, anakohoa, meno mawili ya mbele hayapo, lakini yu hai. Anabana sehemu ya mkate wake, anafinyanga vipande vya sataranji, anawafundisha wenzake kucheza, halafu njaa ikizidi wanakula farasi na askari. Levko alicheka aliponieleza. Mimi nilimshika mikono nikamwambia arudie tena tangu mwanzo, akarudia. Nilimlisha mpaka akaniomba niache. Ndipo nikaifungua barua yako.

Sasa sikiliza shida yangu. Wafungwa wanaweza kuandikiwa. Lakini Levko anasema barua za Kiukraine wakaguzi wanazitupa, alikuwa anaziona kwenye pipa akifagia. Za Kirusi, fupi, zisizotaja vita, huwa zinapita baadhi. Nimekaa mezani na karatasi jioni tatu. Niliapa, na nilipoapa nilikuwa natazama madirisha ya darasa langu. Siwezi. Andika wewe. Ndiyo kazi yako, na nadhani ni mara ya kwanza kazi yako imetufaa. Mwambie mama yake ni mzima, bibi ni mzima. Weka sahihi yangu.

La mwisho. Bohdan alikuwepo jioni ile ya keki. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema, anaogopa kukosa borshi. Juzi nilimuuliza. Kasema yule mzee Arkadi wa Mariupol huja kila mahali na glasi yake mfukoni, na akiona picha ya kijana mwenye sare au shati la kutarizi anamwekea, kwa sababu kwake yeye wote wameshakufa. Kasema wewe ulikuwa jikoni, picha zikapigwa. Ulipotoka ukaiona. Kisha ukauchukua ule mkate ukautafuna wote mbele ya watu, ukanywa na vodka, ukamwambia mzee, "Babu, huyu atakuja kula mwenyewe. Nilikuwa na njaa mimi."

Mkate ule wanaachiwa ndege. Mtu aliye hai haugusi, akiugusa anajivutia kifo. Mjinga mkubwa wewe. Kwa nini hukuniambia?

Nelia


Leipzig, 6 Juni 2024

Dada,

Mwambie Mama mume sijapata, ila Bohdan ananiangalia. Kifua kimepona, kwa hiyo mkate haujaniua.

Yu hai. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikakaa palepale, majirani wakawa wananiruka. Jumanne nilishindwa kufundisha. Niliwaambia wanafunzi, ikabidi Heike anifute uso kama mgonjwa wake. Arkadi nilimwambia pia. Alitoa glasi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Lakini hiyo barua siandiki.

Subiri kunitukana. Ni kweli, moyo wangu umefurahi kukukatalia. Umeniita kila jina kwa sababu ya lugha hii, leo unataka niwe karani wako humo humo, ili mikono yako ibaki safi na yangu ichafuke kwa niaba yetu sote. Ningekukatalia kwa hilo peke yake.

Ipo sababu nyingine, na hiyo huwezi kuipinga. Kumbuka Baba alipofariki. Nazar alikuwa kambini milimani na wenzake wa shule, simu hazishiki. Wewe kalamu ilikuwa inakuponyoka, nikamwandikia mimi. Aliniambia alipokuwa mkubwa: "Mama mdogo, nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha, nilijua kabla sijaifungua. Mama huwa anaandika mwenyewe." Maisha yake yote ameletewa barua moja tu ya mkono wangu, na ilikuwa ya msiba.

Sasa mpelekee nyingine, mle alimo, kwa mkono wangu, yenye sahihi yako ya kughushi. Atajua nini? Atajua mama yake amekufa na tunamdanganya. Utakuwa umejizika mwenyewe, tena kwa kuwa umeshindwa kumeza kiapo ulichokula mbele ya matofali.

Andika wewe, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni, wenye herufi zilizosimama kama watoto paredi. Akiuona tu atatulia, hata kabla ya kusoma. Ukikosa la kumwambia, mwambie habari za paka.

Zoya


Kharkiv, 3 Julai 2024

Zoya,

Mama ameambiwa. Nilimwambia yote kwa mkupuo, begi, kifungo, meno. Hakufa. Alinipiga na kitambaa cha jikoni, akasema alijua tangu siku begi lilipoingia, kwamba yeye ni kiziwi tu, macho anayo, na kwamba miezi yote hii alikuwa ananilinda mimi. Kisha tukalifungua begi pamoja. Soksi, chaja, kitabu cha sataranji.

Nimeandika.

Nilidhani mkono utagoma. Niliketi nikausubiri ugome, kwa kweli nilitamani ugome ili nikuandikie kwamba umekosea. Haukugoma. Mwaka wa pili huu nahangaika na Kiukraine changu, kila neno nalitafuta kama ufunguo mkobani, na hapa maneno yalikuja yenyewe. Yote ya kumlaza mtoto, ya kumpulizia uji, ya kumfunika mabega, yalikuwa humo, katika lugha ile ile, yamekaa yakinisubiri. Nililia kwa hasira. Nyumba watalipa, shule watalipa. Hili la lugha yao kukaa hata kwenye maneno ya kumlaza mtoto, sijui watalilipaje, na siwasamehe.

Nimemwandikia kwamba paka amenenepa. Kwamba cheri zimeiva na nimetengeneza jamu. Kwamba kikombe chake kiko bafuni na mswaki nimemnunulia mpya, wa zamani ulikuwa umechakaa kwa kusubiri. Nilitaka kumwambia bibi yake bado anatukana, nikaacha, wakaguzi wasije wakadhani ni msimbo. Bahasha nimeiandika kwa mwandiko wa ubaoni. Imekwenda.

Wewe sijakusamehe. Kwangu bado unakosea kila Jumanne na kila Alhamisi, na hilo darasa la nyongeza ndilo limeniudhi kuliko yote. Lakini Heike mwambie afunge madirisha.

Kahawa ya mfuko wa kijani imekwisha. Klavdia anasema ilikuwa nzuri.

Namba yako nimeifungua. Usipige, simu ikilia tu mimi nakimbia, Mama akiniona anakimbia pia, tunagongana koridoni. Nitakupigia mimi siku jibu lake litakapofika. Na ukiona namba yangu usianze kutetemeka, pokea. Ikiwa ni msiba, nitamwambia Klavdia akuandikie.

Dada yako,
Nelia